Saa ya Jikoni

Nyumbani
3 Februari

Dada Meneja,

Shikamoo. Usishtuke, hakuna aliyekufa. Najua ukiona bahasha yenye mwandiko wangu utakaa chini kwanza ndipo uifungue, kwa sababu tangu uanze kazi huko sijawahi kukuandikia hata mstari.

Mwalimu wa msaada ndiye aliyeniambia niandike. Ni mwalimu mpya, ana chumba kidogo kando ya maktaba, na kazi yake ni sisi: wale ambao herufi zinawayumbia, wale wasiotulia, na mimi niliye na vyote viwili na nyongeza juu. Alinipima siku mbili. Halafu akamwita Baba, akamwambia mimi si mvivu. Dada, alisema hivyo hivyo, na Baba akatazama viatu vyake muda mrefu. Akaeleza kwamba kusoma kwangu kunakwenda taratibu na kwamba wakati nausikia vibaya, kama mtu mwenye sikio moja zito. Nikikaa na friji bovu, mchana mzima unapita nadhani nimekaa kidogo tu. Nikikaa na hesabu, kidogo tu nadhani nimezeeka.

Basi amenipa kazi ya kuandika barua za karatasi. Niianze, niimalize, niitie kwenye bahasha, niifikishe posta kabla hawajafunga. Simu haitaki, anasema kwenye simu naanza mambo kumi simalizi hata moja. Amenijua upesi mno mwanamke yule.

Na mkuu wa shule naye kasema lake. Atakayeshindwa mtihani wa majaribio mwezi wa tano hataandikishwa mtihani wa mwisho, atarudia darasa. Mimi nimekwisha kulirudia mara moja, madawati yote yananijua. Bila mtihani wa mwisho hakuna chuo cha ufundi, na bila chuo nitabaki kutengeneza friji za majirani kwa asante. Sitaki, Dada. Safari hii nimepiga moyo konde.

Ombi langu ni moja. Usinifanyie. Yale ya wewe kuniandikia insha mimi nikanakili, yaishe. Nishauri, nitanie, nigombeze ukitaka, ila usinifanyie.

Mdogo wako,
Chiriku

(Barua hii imenichukua siku nne. Nilikisia nusu saa.)

---

Bweni la wauguzi
9 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba. Nilikaa chini kweli. Kisha nikasoma, nikacheka, nikalia kidogo kwenye kile kipande cha Baba kutazama viatu.

Umesema nikushauri. Haya, nimekutengenezea ratiba, imo ndani ya bahasha. Rangi ya kijani ni masomo, ya njano ni kazi za nyumbani, nyekundu ni kulala. Kuamka saa kumi na moja alfajiri. Kuoga dakika kumi. Chai dakika kumi. Hesabu kila siku saa kumi jioni, ukishatoka shule, bila kukosa. Ibandike juu ya kitanda. Hapa chumba cha upasuaji tunafanya kazi namna hiyo, na mgonjwa akiingia anatoka mzima kwa sababu kila mtu anajua zamu yake na dakika yake.

Sikufanyii. Nakupangia tu.

Dada yako,
Meneja (kama mnavyopenda kuniita nikiwa sipo)

---

Bweni la wauguzi
9 Februari

Mama,

Shikamoo. Hii nimeiandika kando na ya Chiriku, na naomba uisome ukiwa peke yako. Ningetuma ujumbe kwenye simu, lakini simu ya hapo nyumbani yeye ndiye anayeisoma kwanza, kisha anawatangazia wengine.

Huyu mtoto akichelewa siku za mtihani kazi yote ya mwalimu itakuwa bure. Mwalimu amempigania aongezewe muda wa kuandika, lakini huo muda ni wa aliyekuwemo chumbani mlango unapofungwa. Fanya hivi. Isogeze saa ya jikoni mbele, dakika ishirini. Yeye anatokea jikoni kila asubuhi, na saa anayoifuata ni hiyo. Ataona amechelewa, ataondoka mbio, atafika mapema. Usimwambie, akijua haitafanya kazi.

Msalimie Baba na makochi yake.

Mwanao

---

Nyumbani
17 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma chumba cha mbele, mteja akiwa chini ya kikaushio, na nilicheka mpaka akadhani namcheka yeye.

Unaniambia niisogeze saa ya jikoni? Niliisogeza zamani, Chiriku akiwa bado shule ya msingi. Dakika ishirini vile vile, tumefikiria kitu kimoja. Ya sebuleni aliisogeza shangazi yako alipokuja kuuguzwa hapa. Ile ya mkono aliyomnunulia Chiriku aliitoa dukani akaisogeza kabla hajaifunga kwenye karatasi ya zawadi. Ya chumba cha mbele nimeisogeza mimi, maana Chiriku huwa anapitia huku. Juzi mteja aliinua macho akaiona, akapiga ukelele kwamba anachelewa kazini, akatoka mbio kasukwa upande mmoja. Alirudi jioni amejifunga kitambaa, hakunisalimia.

Kwa hiyo nyumba hii haina saa ya kweli hata moja. Baba yako anatumia simu, na akienda karakana anaondoka nayo. Mimi nimeshazoea. Nikiitazama saa kichwa kinatoa chenyewe, sihitaji hata kufikiri.

Lakini kwa kuwa umesema, nimeongeza ishirini zako juu ya zangu. Sasa ya jikoni iko mbele dakika arobaini. Yeye hajui lolote, maskini, anakunywa chai yake anaimba.

Ratiba yako ameibandika. Ukuta umependeza.

Mama yako

---

Nyumbani
20 Machi

Dada Meneja,

Shikamoo. Ratiba yako ni kama viatu vyako vile vyeusi. Nikivivaa nazunguka navyo chumbani najiona mtu, lakini nje siwezi kutoka navyo. Siku ya kwanza niliamka saa kumi na moja. Siku ya pili nikaamka, nikaitazama, nikalala tena nikiwa nimevaa sare. Ya tatu nilipaka rangi mpya vile visanduku ulivyoviacha vyeupe, na nikachelewa shule kwa sababu ya kuipamba ratiba ya kuniwahisha.

Mwalimu hakunicheka. Aliniuliza kuoga kunanichukua muda gani nikasema dakika tano. Akanipa kikengele cha jikoni cha kuzungusha, kile kinacholia dakika zikiisha, akasema kisia, fanya, pima. Dada, naoga dakika ishirini na mbili. Sijui nafanya nini humo. Kufunga viatu na kutafuta daftari lililo mkononi mwangu ni robo saa nyingine. Nilikuwa naishi na mtu nisiyemfahamu, kumbe ni mimi.

Sasa ninafanya hivi. Ukutani nina kadi, kila kadi kazi moja ndogo. Siandiki "insha", naandika "sentensi tatu za mwanzo". Kadi inaanza kushoto, nikiishika inahamia katikati, nikiimaliza inakwenda kulia. Katikati hairuhusiwi kukaa zaidi ya kadi moja. Nikisoma naweka rula chini ya mstari, na maswali ya hesabu nayasoma kwa sauti, hata darasani, kwa kunong'ona. Wenzangu walinicheka wiki ya kwanza. Sasa yule anayekaa nyuma yangu ananiambia niongeze sauti kidogo, maana na yeye inamsaidia. Jaribio la juzi la hesabu nilipata nusu ya alama, Dada. Nusu. Mimi niliyekuwa nikipata alama za huruma.

Halafu nikuambie siri, na usimwambie Mama. Saa za humu ndani zote zinadanganya. Nilijua zamani, nililinganisha na taarifa ya habari ya redioni. Ya jikoni ilikuwa ishirini, lakini mwezi uliopita imeongeza uongo, sasa ni arobaini. Ya sebuleni kumi. Ya mkono ilikuwa robo saa kabla sijaikata mkanda. Nimezikariri zote na ninazitoa kichwani. Nikitaka kutoka saa moja na robo, nasubiri ya jikoni iseme saa mbili kasoro dakika tano. Sijawaambia kwa sababu nikimwangalia Mama anavyoitazama ile saa kwa amani, namwonea huruma. Acha tu waamini inanisaidia.

Angalia hesabu ninayofanya kila asubuhi na uji mdomoni. Halafu watu wanasema sijui hesabu.

Mdogo wako,
Chiriku

(Siku mbili. Nilikisia mbili.)

---

Bweni la wauguzi
27 Machi

Chiriku,

Marahaba. Ratiba ichane, ufungie maandazi. Nimeona kadi zako zina akili kuliko rangi zangu na nimejikaza kisabuni kukubali. Nusu ya alama nimemsomea kila muuguzi wa zamu yangu, hata ambao hawakuuliza.

Siri yako nimeinyamazia. Nilivyocheka hujui. Mimi pia umeniambukiza tangu nisome barua yako. Hata huku kazini nikiona saa ya ukutani kichwa kinaanza kutoa, mpaka jana daktari aliniuliza kwa nini naitazama saa kana kwamba inanidai kitu.

Endelea na kadi. Mwezi wa tano unakuja, na wewe uendelee tu.

Dada yako

---

Nyumbani
10 Mei

Mwanangu,

Leo tulikuwa shule, kikao cha wazazi wa wanaofanya mtihani. Mwalimu wa msaada alizungumza nasi kando, wazazi wachache tu wenye watoto wa chumba chake. Mwanamke mpole, lakini akikutazama unajipanga kitini. Akatuambia tusiwakimbize watoto siku ya mtihani, tusiwapigie kelele wala kuwavalisha viatu. Wameshafanya mazoezi ya kujipanga wenyewe, tuwaachie. Halafu akasema jambo moja kana kwamba ameingia jikoni kwangu. Alisema mtoto anayesikia wakati vibaya anahitaji saa ya kweli nyumbani, kwa sababu ndicho kitu pekee cha kushikilia.

Nikamwona Baba yako amegeuka, ananitazama. Mimi nikatazama dari.

Tulipofika nyumbani hakuvua hata koti. Alichukua kigoda akazipandia saa zote, ya jikoni, ya sebuleni, ya chumba cha mbele, akazirudisha moja moja kwa kufuata simu yake. Alipomaliza alikirudisha kigoda mahali pake akaenda karakana.

Chiriku alikuwa kwa rafiki yake wanajisomea. Sijamwambia. Nimwambie nini, kwamba miaka yote hii mama yake na dada yake wanamdanganya? Karibu na mtihani si wakati wa kumvuruga. Kesho kutwa, Jumatatu, saa mbili kamili, hesabu ndiyo ya kwanza. Ameshapanga begi na viatu viko mlangoni. Nimeshangaa, mwanangu. Nimesimama pale mlangoni nikiviangalia viatu.

Mwombee.

Mama yako

---

Bweni la wauguzi
13 Mei

Mama,

Barua yako ya Jumamosi imenifikia leo, Jumanne. Nimeisoma nikiwa nimesimama, na nilipofika kwenye kigoda nikarudi juu kuitazama tarehe.

Alikuwa anajua, Mama. Anajua siku nyingi. Anazitoa kichwani. Aliniandikia mwezi wa tatu akaniomba nisikwambie, na mimi nikaona ni kichekesho kizuri nikanyamaza.

Nimepiga simu mchana. Baba kapokea. Nikamuuliza mtihani umekwendaje, akasema, "Yupo. Hataki kuongea." Kisha akasema ana kochi la watu na akakata. Tafadhali niandikie, au mwambie yeyote aandike. Siwezi kushika mkasi leo, nimeomba nibadilishwe zamu.

Mwanao

---

Karakana
14 Mei

Binti yangu,

Mama yako hawezi kuandika, kila akianza analia. Naandika mimi.

Mdogo wako alifika shule saa mbili na dakika ishirini na tano. Mlango hufungwa na robo. Msimamizi alimwonyesha saa, yeye akamwambia saa yao imeharibika. Alimwambia kwa heshima, tena mara mbili. Ndipo akaiona ya mnara wa posta kupitia dirishani.

Mama yako alikuwa chumba cha mbele na mteja wa asubuhi. Anasema alichungulia jikoni akamwona bado anakunywa chai, akaitazama saa, akatoa arobaini, akaona bado mapema. Saa aliyoniona naisahihisha kwa macho yake. Simlaumu, ni mazoea. Mimi ndiye niliyepanda kigoda bila kumwambia mtoto. Nilidhani nikiisahihisha saa nimemaliza kazi.

Hakurudi nyumbani. Alikaa kwenye ngazi za shule mpaka mtihani wa pili ukaanza, akaingia, akaufanya. Mwalimu wake anasema hakutoka mpaka dakika ya mwisho ya muda wake wa nyongeza. Baadaye akaenda mwenyewe kwa mkuu wa shule. Mimi nilikuwa njiani kwenda kumwombea, nikamkuta anatoka. Mkuu kampa nafasi ndogo: aandike maelezo ya kwa nini alichelewa, kwa mkono wake, ayafikishe ofisini Ijumaa kabla ya saa sita. Kama maelezo yana maana, atafanya hesabu tarehe ishirini na nne pamoja na waliokuwa wagonjwa. Asipoyafikisha, basi, atarudia darasa.

Hazungumzi nasi. Anaweka kadi ukutani.

Baba yako

---

Nyumbani
17 Mei

Dada,

Shikamoo.

Nilitaka nikuandikie barua ya hasira. Niliianza Jumatatu na ilikuwa kali, ungeipenda. Niliandika kwamba nyote mmenichezea, Baba na kigoda chake, Mama na kimya chake. Nikaandika kwamba miezi yote nimejifunza kupima kila kitu, hata kuoga, kumbe rula yenyewe mnaisogeza mkiwa mmeniweka pembeni. Nililia kwenye zile ngazi mpaka mlinzi akaniletea kiti. Nilikataa kiti.

Kisha nikafika mahali pa kukulaumu wewe, na kalamu ikagoma. Nilikuomba unyamaze, ukanyamaza. Na mimi nilijua saa zinadanganya, nikanyamaza pia, nikajiona mjanja. Basi na mimi nimo.

Baba ananiambia umepiga simu mara ya pili ukataka kuniandikia maelezo ya mkuu wa shule, eti uyasome kwa simu mimi niandike. Nilimwambia Baba akujibu hapana. Usinune. Yangekuwa mazuri na yangekuwa yako.

Niliyagawa kwenye kadi tano. Ya kwanza ilisema tu "Mheshimiwa". Kadi ya tatu ilinilaza na njaa Jumatano, kwa sababu ilikuwa kusema ukweli wa nyumbani kwetu kwa mtu wa nje. Mwalimu alikaa nami Alhamisi baada ya masomo. Hakunipa neno hata moja, kazi yake ilikuwa kuniuliza tu: halafu? Nikisema, ananiambia andika hicho hicho ulichosema.

Nimenakili hapa kipande, ukione:

"Nilichelewa kwa sababu nyumbani kwetu tunapendana kwa kudanganyana saa. Mama yangu alisogeza saa mbele ili niwahi. Mimi nilijua, nikawa naitoa kichwani, sikumwambia ili asiumie. Baba yangu akairudisha saa kwenye ukweli, hakuniambia ili nisiumie. Jumatatu mimi nilitoa uongo ambao haukuwepo tena. Hakuna aliyenitakia mabaya. Siombi unihurumie, naomba mlango niufikie kabla haujafungwa."

Niliyafikisha ofisini Ijumaa. Sikumwuliza mtu saa ngapi, nilipita posta nikaitazama ile ya mnara. Karani alinigongea muhuri, akasoma, akaenda kumwita mwenzake naye akasoma. Jibu likaja jioni. Tarehe ishirini na nne nafanya.

Usiku tukala pamoja, na nikawaambia wote watatu wakiwa mezani, Shangazi naye alikuwa amekuja. Nikawaambia nazitaka saa mbili ziondoke, ibaki ya jikoni tu, na hiyo moja asiiguse mtu. Si mbele, si nyuma, hata kwa mapenzi. Shangazi akataka kuanza kujitetea. Nikamwambia, "Shangazi, nikichelewa, niacheni nichelewe kwa kosa langu mwenyewe." Baba aliinuka akaenda kuishusha ya sebuleni.

Mdogo wako,
Chiriku

---

Bweni la wauguzi
22 Mei

Chiriku,

Marahaba, mdogo wangu. Sikununa. Yaani nilinuna siku moja, kisha nikakisoma kipande chako, nikakiweka nyuma ya kitambulisho changu cha kazi.

Kuna jambo hukuliandika kwa sababu hulijui. Zile dakika ishirini za nyongeza, za mwezi wa pili, ni mimi niliyemwambia Mama. Siku ile ile niliyokutumia ratiba, nilimwandikia Mama barua ya pili ya kuisogeza saa. Uliniomba nisikufanyie, na kabla wino haujakauka nikakufanyia. Nisamehe.

Jumamosi sitapiga simu asubuhi. Kidole kitaniwasha, lakini sitapiga.

Dada yako

---

Nyumbani
24 Mei

Mwanangu,

Nakuandikia saa hii ambapo mdogo wako bado yumo chumba cha mtihani, kwa sababu nisipoishika kalamu nitakwenda kusimama nje ya lile dirisha.

Aliamka mwenyewe. Akaoga, na kile kikengele chake kikalia akiwa bado na sabuni, nikasikia anakitukana. Akaja jikoni na uji. Nimesimama pale na kitana mkononi, mteja nilimwambia aje mchana. Saa ipo ukutani, ya kweli. Nikaona inafika saa moja, ikapita. Yeye anakunywa. Ikafika saa moja na dakika tano, akainuka, nikashukuru. Kumbe ameinuka kufuata sukari.

Mwanangu, nilikuwa na maneno mdomoni yamejaa mpaka meno yanauma. Nimezaa watoto wawili na sijawahi kupata uchungu wa namna ile. Baba yako alikuwa nyuma yangu amenishika kiwiko, sijui ananizuia mimi au anajizuia mwenyewe.

Akavaa viatu. Akavua kimoja, soksi ilikuwa imegeuka. Akavaa tena. Akafungua begi, akatazama kadi iliyobandikwa ndani, akagusa kalamu, rula, kitambulisho, akanong'ona kila kimoja kwa sauti kama anavyosoma maswali. Kisha akasimama mbele ya saa. Akaitazama. Nilimwona kabisa kichwa chake kinataka kutoa, midomo inaanza kucheza. Akaifunga midomo. Akasema, "Mama, hiyo ni saa yenyewe?"

Nikasema, "Ndiyo yenyewe."

Akanitazama mimi, hakuitazama saa tena. Mdogo wako alinitazama machoni kama anasoma mstari na rula chini yake. Halafu akafungua mlango akaondoka, ilikuwa saa moja na robo kamili.

Nimekaa kwenye kiti cha wateja. Baba yako ameenda karakana amesahau simu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Mama yako

---

Nyumbani
14 Juni

Dada Meneja,

Shikamoo.

Nianze na lile unalolitaka, kwa sababu najua umeshayarusha macho chini kutafuta. Nimepita. Hesabu nimepita kwa alama mbili, kwa hiyo usiwasomee wauguzi wote, wasomee wa zamu yako tu. Jina langu limo kwenye orodha ya mtihani wa mwisho, nimeligusa kwa kidole pale ubaoni mpaka wino ukachafuka na mkuu wa shule akanikemea.

Siku ile nilifika mapema mno, lango lilikuwa bado limefungwa. Mlinzi akaniletea kile kiti. Safari hii nilikaa.

Swali la mwisho sikulimaliza. Mwalimu anasema mtihani wa mwisho una maswali mengi zaidi, na muda wangu wa nyongeza ni ule ule. Kwa hiyo tumeanza upya. Nakisia, nafanya, napima. Kadi zimejaa upande wa kushoto mpaka zimefika kwenye dirisha, na za kulia bado chache. Sijali. Kila jioni inahama moja. Fundi wa friji wa pale sokoni amesema nikiandikishwa chuo atanipa Jumamosi zake niwe msaidizi, na nimemwambia asiseme "ukiandikishwa", aseme "utakapoandikishwa".

Lile la dakika ishirini nilikusamehe papo hapo, kabla sijamaliza sentensi. Ila Mama nilimcheka. Mlikuwa mnaandikiana siri kuhusu saa, na mimi naandika siri kuhusu saa hiyo hiyo, na bahasha zetu zote zinapita posta moja. Yule karani wa posta angekuwa mbea tungeokoka mapema.

Mama anasema utakuja likizo mwezi ujao. Nitakupokea stendi, na nitakuwa nimefika kabla ya basi lako, usiniandikie kunikumbusha. Ukiingia jikoni utainua macho ukutani kabla hata hujaweka begi chini, nakujua, na kichwa kitaanza kutoa. Usitoe, Dada. Ndiyo yenyewe.

Mdogo wako,
Chiriku

(Nilikisia jioni moja. Imekuwa jioni moja, na posta bado hawajafunga.)